Jiwe la Msaada: Neno juu ya Jina Ebenezer

Somo: 1 Samweli, sura ya 4 na ya 7

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jina moja tu. Yamkini mtu atauliza, Jina ni kitu gani, hata lichukue kurasa hizi zote? Lakini kila Jumapili ya ubatizo twasimama mbele ya maji na kuuliza mtoto ataitwa nani. Jibu tupewalo huandikwa katika kitabu cha kanisa, nalo humfuata mtu huyo hata kaburini. Kitu kimfuatacho mtu namna hii chastahili kuulizwa maana yake.

Jina lenyewe ni Ebenezer. Katika Biblia yetu ya Kiswahili limeandikwa Ebenezeri, na vinywa vya watu wetu vimelilainisha kuwa Ebeneza. Tumelipokea zaidi kutoka kwa Waingereza, ambao kwao lilikuwa jina la watu kwa muda mrefu, ingawa siku hizi ni wachache kwao wapewao jina hilo. Nasi hatukulichagua kwa kupenda mambo ya kigeni. Tulilazimishwa na mama mmoja wa usharika wetu.

Walitujia mume na mke, wakiwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Baba alikuwa amekwisha kuchagua jina, Ebenezer. Tulipomwuliza maana yake, akasema, "Ni jina la Kiingereza, nalo lina sauti njema. Mwenzangu wa kazini analo." Mama alikuwa kimya, akimtazama mtoto. Tukamwuliza yeye naye. Akasema, "Baba Mchungaji, maana yake naijua, nilifundishwa katika kipaimara. Ni kusema kwamba Bwana ametusaidia mpaka hapa. Lakini mpaka hapa nimezika wawili. Nitamwitaje mtoto huyu kila siku kwa neno ambalo moyo wangu haulisemi?"

Sisi tukamjibu upesi, kama mtu afungaye mlango mvua isiingie. Tukamwambia kwamba Mkristo hana budi kushukuru katika mambo yote, tukamtajia na sura. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini tuliyatupa kama mawe. Hatukuyasimamisha kama jiwe la msaada. Mama akainamisha kichwa, akasema, "Ndiyo, Baba." Wakaenda zao, wakiahidi kurudi baada ya majuma mawili.

Usiku ule usingizi ulitukimbia. Tukaifungua Biblia penye habari ya jiwe hilo, wala hatukuanzia sura ya saba kama ilivyo desturi ya wahubiri. Tulianzia sura ya nne. Yale tuliyoyaona huko, na mengine tuliyoyatafuta baadaye, ndiyo tunayowaletea leo.

Kwanza, maana ya jina hili.

Katika lugha ya Kiebrania neno eben ni jiwe, na neno ezer ni msaada. Basi Ebenezer ni Jiwe la Msaada. Neno hilo ezer ndilo litumikalo katika Mwanzo 2:18, Mungu aliposema habari ya kumfanyia Adamu msaidizi; na katika Zaburi ya 121 ndilo alitumialo mwenye kuiinulia milima macho yake na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Majina mengine mnayoyajua yametoka katika shina hilo hilo, yaani Ezra, Azaria na Eliezeri. Lakini hao walikuwa watu. Katika Biblia nzima hakuna mtu hata mmoja aitwaye Ebenezer. Ni jina la jiwe, na la mahali.

Sasa wengi wetu twaikumbuka habari hii kwa namna moja tu: Wafilisti walipigwa, Samweli akatwaa jiwe, akalisimamisha kati ya Mispa na Sheni, akalipa jina, kwa kuwa Bwana amewasaidia watu wake hata hapo. Ndivyo ilivyo katika sura ya saba. Lakini jina hilo latajwa mara ya kwanza katika sura ya nne, na huko halitajwi kwa furaha. Waisraeli walipiga kambi karibu na Ebenezeri, na Wafilisti huko Afeka. Siku ile ya kwanza watu wapata 4,000 wa Israeli walianguka. Wakalileta sanduku la agano kutoka Shilo, wakidhani kwamba kitu kitakatifu kikiwapo kambini hawawezi kushindwa. Wakashindwa tena, wakaanguka 30,000, na sanduku likatwaliwa. Hofni na Finehasi wakauawa. Baba yao Eli, mzee wa miaka 98, aliposikia habari akaanguka kutoka kitini, akafa.

Tena kulikuwa na mwanamke mmoja, mke wa Finehasi, naye alikuwa karibu kuzaa. Habari zile zilipomfikia, utungu ukamshika. Wanawake waliomsimamia wakamtia moyo wakimwambia kwamba amezaa mtoto mwanamume, lakini hakuwajibu. Akampa mtoto jina Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka, kisha akafa.

Angalieni, ndugu. Katika habari hii moja yamo majina mawili. Mama alimpa mtoto jina la msiba, na mzee Samweli akalipa jiwe jina la shukrani. Kati ya majina hayo sanduku lilikaa miezi saba kwa Wafilisti, kisha miaka 20 katika Kiriath-Yearimu, na nyumba yote ya Israeli ikamlilia Bwana. Ndipo wakakusanyika Mispa, wakateka maji na kuyamimina mbele za Bwana, wakafunga, wakaungama dhambi zao. Jiwe la Msaada lilisimamishwa na watu waliokuwa wametoka kulia. Wengi wao yamkini walikuwa wana wa wale 30,000. Nalo jina walilolisikia siku ile lilikuwa lile lile la uwanja walikoangukia baba zao.

Tulitafuta katika sura hizo neno la kumkemea mama yake Ikabodi, tusilione. Hakuna nabii aliyetumwa kumwambia kwamba imani yake ni haba. Maneno yake yameandikwa katika Kitabu kitakatifu, yakaachwa kama alivyoyasema. Hapo ndipo tulipoanza kuona aibu kwa jibu letu.

Tena liko neno dogo tusilipite. Samweli hakusema kwamba Bwana amewasaidia katika kila jambo, wala kwamba hawataona taabu tena. Alisema hata hapa, hata sasa. Kwa Kiebrania neno lile lafaa kwa mahali na kwa wakati pia, kama mtu asimamaye katikati ya njia na kuonyesha kwa kidole mguu ulipofika. Mbele yake njia bado ipo. Na kweli, Wafilisti walirudi katika siku za Sauli, na Sauli mwenyewe alikufa Gilboa. Jiwe halikusema uongo kwa sababu hiyo. Halikuahidi ya kesho. Lilishuhudia ya jana.

Pili, namna jiwe lilivyogeuka kuwa mtu.

Wakati wa matengenezo ya Kanisa Waingereza walianza kuisoma Biblia kwa lugha yao wenyewe. Biblia iliyochapwa Geneva mwaka 1560 iliingia katika nyumba nyingi, na baadaye tafsiri ile ya mwaka 1611. Watu walioitwa Wapuritani, waliotaka Kanisa lao litakaswe na kila kisichotoka katika Maandiko, wakaona vema kuwapa watoto wao majina ya Agano la Kale mahali pa majina ya kale ya watakatifu. Wengine walitwaa hata maneno ya kawaida na kuyafanya majina. Kulikuwako mchungaji mashuhuri wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1639 na kufa mwaka 1723, jina lake Increase Mather. Na neno hilo Increase maana yake ni ongezeko. Katika majira hayo ndipo lile jina la jiwe likaanza kupewa watoto, Uingereza kwenyewe, na Uskoti, na katika makoloni mapya ya Marekani.

Wako waliolichukua kwa heshima. Ebenezer Erskine, aliyezaliwa mwaka 1680, alikuwa mchungaji wa Uskoti. Yeye ndiye aliyewaongoza wachungaji waliojitenga na kanisa la nchi mwaka 1733, wakitetea haki ya usharika kuchagua mchungaji wake. Ebenezer Howard, aliyezaliwa London mwaka 1850, hakuwa mchungaji. Aliona jinsi maskini walivyosongamana katika vijumba vya mji ule, akafundisha kujenga miji yenye bustani, ambapo mfanya kazi aweza kupata hewa safi. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903.

Lakini yuko Ebenezer mwingine, asiyekuwa na kazi wala sifa. Katika Boston alikaa mtengeneza sabuni na mishumaa, jina lake Josiah Franklin, mtu mcha Mungu aliyehama kutoka Uingereza. Mwaka 1701 alizaliwa kwake mtoto wa kiume, wakamwita Ebenezer. Kabla mtoto huyo hajatimiza miaka miwili alitumbukia katika pipa la maji ya sabuni, akafa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1706, akazaliwa nduguye Benjamin, ambaye ulimwengu wote umemsikia kwa elimu yake na kwa kazi yake katika kuiasisi Marekani. Huyo Ebenezer mdogo hukumbukwa na wachache tu. Nasi twamtaja kwa kuwa wako wazazi wadhanio kwamba jina jema litamlinda mtoto. Hasha! Jina si hirizi. Waisraeli walilichukua sanduku lenyewe vitani kama hirizi, wakaanguka hapo hapo Ebenezeri.

Waingereza waliojitenga na kanisa la serikali walilipenda jina hili hata kwa nyumba zao za ibada. Huko Wales makanisa mengi madogo yaliitwa Ebenezer. Kijiji kimoja cha wachimba mawe, kilichoota kandokando ya kanisa kama hilo, nacho kiliitwa Ebenezer kwa muda mrefu, kabla ya kupewa jina la Deiniolen. Na katika mwaka 1758, au karibu na hapo, kijana Robert Robinson alitunga wimbo wa shukrani ujulikanao sana kwa Waingereza, na ndani yake akaliweka neno hili. Lakini zilipopita nyakati, vitabu vingi vya nyimbo viliubadili mstari ule, kwa kuwa waimbaji hawakujua tena Ebenezer ni nini. Hivyo ndivyo neno linavyokufa, wapenzi. Watu huendelea kuliimba bila kuuliza, kisha huja siku mtu akaliondoa, wala hakuna amliliaye.

Jambo jingine likalipata jina hili. Tarehe 19 Desemba 1843 mwandishi Charles Dickens alitoa kitabu chake kiitwacho A Christmas Carol. Nakala 6,000 zilichapwa, zikauzwa zote kabla ya Krismasi. Ndani yake yumo mzee bahili, Ebenezer Scrooge, amnyimaye karani wake hata makaa ya kuotea moto, na achukiaye sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana. Tangu hapo Mwingereza akisikia Ebenezer, mawazo yake humwendea bahili yule. Na jina lake la pili limekuwa katika Kiingereza neno la kawaida la kumwitia mtu mchoyo. Hatusemi kwamba kitabu hicho peke yake ndicho kilicholiua jina, maana na majina mengine ya Agano la Kale yalififia kwao. Lakini hata leo jina hili kwao ni la nadra, na wazazi walifikirialo huogopa mtoto atachekwa.

Ajabu ni hii. Katika kitabu kile mzee huyo anatubu. Usiku mmoja anaonyeshwa maisha yake yaliyopita, na ya sasa, na yatakayokuja. Asubuhi anaamka mtu mwingine, anatuma nyama nyumbani kwa karani wake, na mtoto mgonjwa wa karani yule anapata kwake baba wa pili. Kitabu chaisha kwa shukrani. Lakini watu wamemshika kwa alivyoanza, si kwa alivyomaliza. Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Yuko mzee katika usharika aliyeacha ulevi miaka mingi iliyopita, nasi bado twamwita mlevi wa zamani. Yuko dada aliyekosea katika ujana, na hata leo akisimama kuimba, wengine hunong'ona. Twakumbuka sura ya nne ya watu, twaikataa sura yao ya saba.

Basi jina lililopungua kwa Waingereza likazidi katika Afrika. Huko Ghana na Nigeria, ambako wamisionari walilifikisha pamoja na Biblia, wako wengi wanaloitwa. Ebenezer Ako-Adjei, aliyezaliwa mwaka 1916, alikuwa mmoja wa wale sita waliokamatwa na serikali ya kikoloni ya Gold Coast mwaka 1948 kwa ajili ya kudai uhuru. Na kwetu Afrika Mashariki twaliona limeandikwa hata juu ya milango ya maduka. Ni vema, ikiwa mwenye duka ajua alichokiandika.

Tatu, ndugu zetu Walutheri waliokaa mahali paitwapo Ebenezer.

Habari hii ni ya nyumba yetu wenyewe, na wengi hawajaisikia. Katika nchi ya Salzburg, katika milima ambayo leo ni ya Austria, walikuwako wakulima na wachimba madini walioyashika mafundisho ya Luther kwa siri, wakificha vitabu vyao. Tarehe 31 Oktoba 1731 askofu mkuu Leopold Anton von Firmian, aliyeitawala nchi ile, alitia sahihi amri ya kuwafukuza. Wasio na mashamba walipewa siku nane tu, na majira yale ya baridi yalikuwa yakiingia. Watu wapata 20,000 walitoka. Wengi walipokewa na mfalme wa Prusi. Wachache walivuka bahari, wakafika koloni jipya la Waingereza liitwalo Georgia, katika mwezi wa Machi 1734. Wachungaji wao walikuwa wawili, Johann Martin Boltzius na Israel Christian Gronau, waliotoka Halle. Mahali walipopewa wakapaita Ebenezer, kwa maana Bwana amewasaidia hata hapo.

Je, walipata raha huko? Udongo ulikuwa mbaya, kijito hakikufaa kwa mashua, na homa ikawala. Wakazika watu wengi. Mwaka 1736 walipata ruhusa ya kuhama, wakaenda kujenga tena juu ya ukingo wa mto Savannah. Hapo twawaza, kama tungekuwa sisi, tungaliliacha jina lile kule makaburini na kutafuta jingine lenye bahati. Wao walilichukua. Mji mpya nao wakauita Ebenezer. Wakajenga nyumba ya yatima, kwa kuwa yatima walikuwapo. Na kanisa lao la matofali, lililojengwa kati ya mwaka 1767 na 1769, lingali limesimama, na Walutheri wangali wakiabudu ndani yake.

Lakini tusiwapambe kupita kweli. Hapo mwanzo sheria ya Georgia ilikataza utumwa. Wakoloni wengine walipotaka sheria hiyo ibadilishwe, watu wa Ebenezer, mwaka 1739, waliandika barua kwa watawala kuomba watumwa wasiletwe, na Boltzius alisimama imara katika jambo hilo miaka mingi. Katazo likaondolewa, na tangu mwaka 1751 utumwa ukawa halali. Ndipo watumwa Waafrika walipoingia hata Ebenezer, wakalima mashamba ya watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya Injili. Mtu aweza kusaidiwa na Bwana, akaandika jina la msaada juu ya mlango wake, kisha akamfunga nduguye ndani. Twalisema hili kwa huzuni, maana ni watu wa ungamo letu, na tena waliouzwa walikuwa watu wa bara letu.

Walakini Bwana hakulitupa jina lile. Utumwa ulikoma huko mwaka 1865. Mwaka 1886, katika jimbo lilo hilo la Georgia, katika mji wa Atlanta, Wakristo weusi wa Kibatisti walianzisha usharika, wakauita Ebenezer. Jina lililokaa juu ya mji wa walionunua likawa sasa juu ya nyumba ya wana wa waliouzwa. Katika usharika huo alikuwako mchungaji Michael King. Mwaka 1934 alisafiri mpaka Ujerumani, nchi ya Luther. Aliporudi, akajiita Martin Luther, na mwanawe wa miaka mitano akamwita vivyo hivyo. Mwana huyo ndiye Martin Luther King ambaye ninyi nyote mmemsikia. Alihubiri katika Ebenezer pamoja na baba yake tangu mwaka 1960. Aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na ibada ya maziko yake ilifanyika katika kanisa hilo hilo. Miaka sita baadaye, Jumapili ya tarehe 30 Juni 1974, mama yake, Alberta, alipigwa risasi ndani ya kanisa la Ebenezer, akiwa ameketi penye kinanda, akafa.

Mzee yule, mchungaji na baba, alikuwa amempoteza mwana, na sasa mke, chini ya paa lenye jina la msaada. Angeweza kuling'oa jina lile. Halikung'olewa. Usharika ungali wakutana, na jina lingali juu ya mlango. Wanaoimba mle ndani wanayajua makaburi yao vizuri.

Nne, tuchukue nini katika haya?

Waalimu wa ubatizo, mwulizeni mzazi maana ya jina kabla ya kuliandika, wala si kwa ukali, bali mkae naye mpaka aijue. Msiache mtu apewe jina kwa sauti yake tu, kama mtu anunuaye nguo kwa rangi bila kuigusa. Tena msiwafundishe watu kwamba jina la Kiingereza ni la Kikristo kuliko jina la kwetu. Luther mwenyewe aliitwa Martin kwa sababu tu alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, sikukuu ya Mtakatifu Martin, siku moja baada ya kuzaliwa kwake. Kinachookoa ni maji pamoja na Neno la Mungu, si herufi za jina. Tumaini, Neema, Shukuru, Elibariki na Elifuraha ni majina yenye ushuhuda mtupu ndani yake, wala hakuna ahitajiye kwenda ng'ambo kuyatafuta.

Nanyi wachungaji wenzetu na wazee: tusiwalazimishe waliofiwa kushukuru kwa haraka yetu. Kati ya Ikabodi na Ebenezer ilipita zaidi ya miaka 20, na Bwana aliwangoja. Kazi yetu si kumsukuma mama atoke katika sura ya nne. Kazi yetu ni kukaa naye humo, tukiwa na kitabu kilichofunguliwa, ili akiinua macho aone kwamba sura ya saba ipo.

Na wewe usomaye ambaye una jina hili, au una mtoto mwenye jina hili, ulichukue kama deni. Uliyesaidiwa, umsaidie nani? Jiwe lenye maandishi ya msaada likimwangukia maskini ni jiwe tu.

Yule mama na mumewe walirudi kama walivyoahidi. Safari hii hatukuwahubiri. Tuliwasomea sura ya nne mpaka mwisho, kisha ya saba. Tulipofika penye Ikabodi, mama akauliza, "Je, yule mama alikemewa?" Tukasema, "Tumetafuta, hatukuona." Akanyamaza. Mumewe akamwambia, "Mama Neema, kama hutaki, tutafute jina jingine." Hapo ndipo tulipotambua jambo lililotuchoma. Siku ile ya kwanza hatukuuliza hata majina ya wale wawili waliozikwa. Tukayauliza. Akatuambia moja, kisha la pili, na miaka yao, na jinsi kila mmoja alivyokuwa akicheka. Tuliomba tukiwataja kwa majina mbele za Bwana, asiyewasahau.

Tulipoinuka, mama alifuta uso wake, akasema, "Mwandike, Baba Mchungaji. Lakini mimi nitalitamka polepole." Tukaliandika. Jumapili ile maji yalimiminwa mara tatu juu ya kichwa cha Ebenezer, naye akalia kwa nguvu, na kanisa likacheka. Mama hakucheka. Alimkumbatia, na midomo yake ilikuwa ikitikisika, tukajua analitamka.

Na tuombe. Bwana Mungu wetu, Mwamba na msaada wetu, wewe uliyasikia maneno ya mama yake Ikabodi, na maombi ya Samweli katika Mispa. Wakumbuke waliozika watoto wao, uwangoje kwa uvumilivu wako. Utusamehe sisi tuliowajibu upesi. Utufundishe kuhesabu tulikosaidiwa na kuwasaidia walio njiani, hata tufike kwako. Kwa Yesu Kristo, Jiwe lililokataliwa na waashi. Amina.